Alama Iliyohama

Gari lilianza kugonga kwenye mlima wa hospitali, palepale lilipogonga juzi. Hakikuwa kishindo kikubwa. Ulikuwa mlio mdogo wa haraka, kama kijiko kinachogongwa ndani ya kikombe, nao ulizidi kila alipokanyaga mafuta. Mama Usukani akashusha gia. Gari likatikisika, likapanda kwa mwendo wa mtu aliyebeba gunia la mawe. Nyuma yake lori likapiga honi.

"Nipitie juu basi," alisema bila kugeuka.

Mzee Posta, aliyekaa kiti cha mbele na koti lililofungwa hadi kidevuni, alicheka kwa pua. Miaka yake ya kazi aliimaliza akisambaza barua kwa baiskeli, na mji mzima aliujua kwa milango na mbwa wake. Sasa figo zilikuwa zimemgomea. Mara tatu kwa wiki alikwenda kusafishwa damu, na Mama Usukani ndiye aliyempeleka na kumrudisha, yeye pamoja na wagonjwa wengine wa mitaa ile, maana basi halimsubiri mtu anayetembea kwa kuegemea ukuta.

"Mwanangu, kama limechoka, liache lipumue. Mashine haiwezi kunikimbia."

"Mashine haikimbii, baba. Zamu ndiyo inakimbia. Ukichelewa wanamweka mwingine."

Walifika. Mshale wa joto ulikuwa umekaribia wekundu. Akamshika mzee mkono hadi kwenye mlango wa wodi, polepole, huku moyo wake ukiwa umebaki nyuma kwenye injini.

"Nikitoka nitakaa kwenye lile benchi," Mzee Posta alisema. "Utakuja?"

"Nitakuja."

"Kwa gari au kwa miguu?"

"Kwa gari, baba. Ingia."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, lakini uhakika hakuwa nao. Kibali chake cha kubeba abiria kilikuwa kinakwisha siku hiyohiyo. Ilibidi gari lifike kwa mkaguzi kabla uwanja haujafungwa, na wiki iliyopita mkaguzi alikuwa amemwambia wazi: injini inayogonga na kuchemka namna ile, hata asijisumbue kupanga foleni.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu mume wake. Alilipenda kupita kiasi. Aliliosha Ijumaa, akalipaka nta Jumapili, na likikohoa tu alikuwa anaamka. Mama Usukani alizoea kuliita Bi Mkubwa, akimwambia mumewe kwamba yeye ameolewa wa pili, na mke mwenzake analala nje lakini ndiye anayependwa. Mume alipofariki, mke mdogo akachukua funguo za mke mkubwa na kujifunza kuendesha akiwa bado amevaa nguo za msiba. Wasichana wake wawili walikuwa shule, na shule haikuahirisha masomo kwa sababu ya kifo cha mtu.

Gereji ilikuwa nyuma ya duka la magodoro, uwanja wa udongo ulioloa oili hadi ukawa mweusi na mgumu kama lami. Fundi wake alikuwa mdogo wa marehemu. Watu walimwita Fundi Pole, kwa sababu kila gari lililoletwa kwa kukokotwa alilipokea kwa neno hilo, akiligusa boneti: "Pole." Wenye haraka walisema jina limemfaa kwa maana yake nyingine.

Alikuwa amelala chini ya pikapu ya mtu. Alipoona miguu ya shemeji yake, akajivuta nje.

"Limerudia?"

"Limerudia."

Alifungua boneti, akasubiri joto lipungue, akaleta taa yake ya taimingi, ile yenye umbo la bastola, akaiunganisha na betri. Mama Usukani alishaijua kazi ile kama mtu anavyojua sala. Kwa maneno mepesi, taimingi ni kuelewana: cheche ya plagi iwake pale pistoni inapofika juu, isiwahi wala isichelewe. Ikiwahi mno, moto unapambana na pistoni inayopanda, na injini inagonga. Kwenye puli kubwa ya chini, ile inayozunguka na mtambo wote, kuna alama ndogo iliyochongwa. Fundi anaimulika kwa taa ile. Taa inapiga mwanga kila cheche inapowaka, na alama inaonekana kama imesimama. Ikilingana na mstari uliopo kwenye injini, mambo safi. Isipolingana, analegeza kile kikombe kinachogawa umeme, anakizungusha kidogo, mpaka vikutane.

"Imetoka tena," Fundi Pole alisema. "Sielewi."

Alikwishabadilisha mkanda wa taimingi, akidhani umeruka jino. Alikwishabadilisha kikaza mkanda. Plagi, waya, vyote vilipita mkononi mwake. Na kila mara hadithi ilikuwa moja: alama imetoka, anairudisha, gari linanguruma vizuri hapo gereji, halafu likifika mlimani na mzigo, kijiko kwenye kikombe.

Akanyoosha mkono kuchukua spana. Mama Usukani akaiwahi, akaishika yeye.

"Shemeji, kabla hujakaza hiyo nati, nataka nikuulize kitu. Usikasirike."

"Uliza."

"Unataka gari lirudi kwenu?"

Fundi Pole alibaki ameinama, mikono yote miwili ndani ya injini. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza bei ya mafuta ya taa. Aliisikiliza hadi mwisho, kama iliyomhusu sana.

"Nani kasema hivyo?"

"Sijasema kuna aliyesema. Nakuuliza wewe."

Kusema kweli aliyesema alikuwepo. Wifi yake alimnong'oneza jikoni kwamba fundi wa ukoo hawezi kutengeneza gari ambalo ukoo unalitaka. Ataliumiza kidogokidogo mpaka mjane achoke, aseme lichukueni. Mama Usukani alimkatalia. Lakini neno baya ni kama mchanga kwenye wali: ukishaumia jino, unatafuna mengine yote kwa hofu.

"Siku ile ya kikao," aliendelea, na sauti ikaanza kumponyoka, "kaka yenu mkubwa aliposema gari ni mali ya ukoo, na mimi nimekaa pale chini nimejitanda, wewe ulikuwa kimya. Hukusema lirudi, hukusema libaki. Kimya."

"Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo ningemtukana mkubwa wangu mbele ya watu."

"Ulichonyamazia kilikuwa moyoni mwako. Mimi nilichosikia ni kimya tu."

Fundi Pole akajinyoosha. Alikuwa mwanamume mrefu, na alipokuwa na huzuni alionekana kama ngazi iliyosahauliwa ukutani. Alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mpelekee fundi mwingine, shemeji. Sitaona vibaya."

"Nilishampelekea."

Hilo lilimchoma, lilionekana kwenye taya. Lakini alichouliza kilikuwa swali la kazi.

"Akasemaje?"

"Akawasha taa kama hiyo yako. Akasema taimingi imetoka, akairudisha. Kesho yake likagonga mlimani."

"Aliirudisha kwenye alama? Hii hii?"

"Alikuwa anafanya kama unavyofanya wewe. Tofauti yake anaongea sana."

Fundi Pole akakaa juu ya tairi. Alikaa muda, akitazama injini na mdomo wazi kidogo. Mama Usukani alimjua: hii ndiyo ile subira iliyowafukuza wenye haraka. Yeye naye akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Hasira ilikuwa bado ipo, ila ilikuwa imechoka kusimama.

"Haliwezi kuharibiwa na watu wawili kwa namna ileile," Fundi alisema hatimaye, akijisemea. "Mmoja anaweza kuwa mjinga. Wawili, ujinga ungetofautiana." Akamgeukia. "Tangu lianze ugonjwa huu, kuna wakati lilikaa sawa? Hata kidogo?"

Alitaka kujibu hapana. Kisha akakumbuka.

"Ile wiki taa yako ilikuwa imeazimwa. Ulisema huna taa, ukaweka kwa sikio. Uliinamisha kichwa hivi, unazungusha, unasikiliza. Wiki ile lilipanda mlima kama mbuzi. Halafu taa iliporudi ukaniita, ukasema tulipime vizuri."

"Nikapima vizuri."

"Ukapima vizuri, likaanza kugonga."

Walitazamana. Fundi akanyanyuka kwa kasi ambayo jina lake halikuiruhusu.

Alifungua plagi ya kwanza. Akatafuta kwenye kopo la vyuma hadi akapata spoku ya baiskeli, akaitumbukiza kwenye tundu la plagi ikagusa kichwa cha pistoni. Akamkabidhi shemeji yake ncha ya juu. "Shika kama unavyoshika sindano. Usiikaze. Ikiacha kupanda, niambie." Akapiga magoti mbele ya gari, akaweka spana kwenye nati kubwa ya puli, akaanza kuzungusha injini kwa mkono, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto.

Spoku ilipanda kati ya vidole vyake. Ilipanda, ikapanda, ikasita.

"Hapo. Hapana, rudi kidogo. Hapo!"

"Pistoni iko juu kabisa?"

"Ikienda mbele inashuka, ikirudi nyuma inashuka."

"Basi njoo uangalie."

Akainama. Pistoni ilikuwa juu, mahali ambapo alama ya puli ilipaswa kukutana na mstari wa sifuri. Alama haikuwa kwenye mstari. Ilikuwa pembeni, mbali kwa upana wa kidole gumba.

Fundi Pole alichukua chaki, akachora mstari kwenye uso wa puli, kuanzia katikati hadi ukingoni. Akarudisha plagi, wakawasha, akavuta mafuta injini ikalia kwa nguvu, akazima. Mstari wa chaki ulikuwa umevunjika. Kipande cha katikati kilibaki kilipochorwa. Kipande cha ukingoni kilikuwa kimesogea.

"Puli hii si chuma kimoja," alieleza, akionyesha kwa kucha. "Katikati kuna kitovu, nje kuna pete, na kati yao raba ya kupunguza mtetemo. Raba imezeeka, imeachia. Pete inateleza. Na alama imechongwa wapi? Kwenye pete." Akasimama, akaufuata mstari uliovunjika kwa macho. "Taimingi haikuwa inatoka, shemeji. Alama ndiyo ilikuwa inahama. Mimi naiamini, naifuata, kila nikiifuata napotea zaidi. Nimekuharibia gari kwa uaminifu."

Mama Usukani alitaka kucheka, akashindwa. Akatazama magoti ya suruali ya shemeji yake yaliyojaa oili, na kitu alichokuwa amekibeba kifuani tangu siku ile ya jikoni kikashuka, bila kelele.

"Nisamehe, shemeji."

"Ungeuliza mapema," alisema Fundi Pole. "Na mimi ningeongea mapema. Yamekwisha." Akavaa kofia. "Puli ya gari hili haiuzwi tena dukani. Twende kwa wauza chakavu."

Muuza chakavu aliwapeleka kwenye rundo la injini zilizokufa, akawaacha wafukue wenyewe. Waliipata kwenye mtambo uliopinda. Fundi akaipima raba kwa bisibisi, akaipiga, akaisikiliza, akakubali. Kabla jua halijageuka vizuri puli ilikuwa imeingia, alama ikakubaliana na spoku, taa ikakubaliana na sikio. Wakalijaribu mlimani na watu wazima wanne wa gereji ndani kama mzigo. Hakuna kijiko, hakuna kikombe. Mmoja wao akapiga makofi. Fundi Pole aligusa dashibodi tu, akasema, "Pole, Bi Mkubwa."

Kwenye uwanja wa ukaguzi foleni ilikuwa fupi kuliko kawaida. Hilo lingemshtua, ila furaha ilimziba macho. Kando ya foleni palikuwa na hema jipya jeupe, na chini yake binti aliyevaa sare anagawa maji ya chupa na picha za magari yanayong'aa. Alikuwa wa kampuni ya mikopo ya magari.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole mwenye macho ya usingizi. Alichukua kadi ya gari, akaangalia mwaka, akairudisha.

"Hili halipiti, mama."

"Hujafungua boneti."

"Si suala la boneti. Magari ya umri huu yameondolewa kubeba abiria. Amri mpya."

"Tangu lini? Wiki iliyopita ulinituma nikatengeneze injini."

"Wiki iliyopita ilikuwa wiki iliyopita. Tangazo limebandikwa."

"Wapi?"

Akaonyesha kwa kalamu dirisha la ofisi. Tangazo lilikuwepo kweli, limebandikwa kwa ndani, na mbele yake limening'inia pazia.

Fundi Pole alitoka garini. "Mkaguzi, naomba uisikilize tu. Haigongi, haichemki. Nimeishika mwenyewe leo."

"Fundi, mimi sina ugomvi na injini yako. Mimi sipimi injini siku hizi. Napima mwaka."

"Na lile?" Mama Usukani alinyoosha kidole. Chini ya kivuli cha ofisi lilikuwa limeegeshwa gari la idara, ndugu kabisa wa Bi Mkubwa: taa zilezile, mabega yaleyale, kutu imeshika mlango. "Lile limezaliwa lini?"

Dereva mmoja kwenye foleni akakohoa kwa makusudi. Mkaguzi akalitazama gari lile kama ambaye hajawahi kuliona.

"Lile halibebi abiria," alisema. "Linatubeba sisi."

Hakucheka aliposema hivyo, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi Mama Usukani. Mtu yule hakuwa na ubaya. Alikuwa amepewa alama ya kufuata, naye aliifuata. Alitoa wembe mfukoni, akainama juu ya kioo cha mbele, akaanza kukwangua stika ya kibali. Alifanya kazi safi. Hakuacha hata gundi.

"Kawaone wale kwenye hema," alisema kwa upole, akipangusa wembe. "Wanasaidia sana watu waliokwama."

Binti wa sare alikwishaanza kuja na chupa ya maji. Mama Usukani aliyapokea maji, kwa sababu alikuwa na kiu. Picha aliirudisha.

"Nirudi nalo gereji?" Fundi Pole aliuliza walipoketi garini. Sauti yake ilikuwa ya msibani. "Shemeji, kama ukitaka kupumzika kidogo ufikirie..."

"Mzee Posta yuko kwenye benchi."

"Huna kibali."

"Nilimwambia nitakuja kwa gari."

Fundi akanyamaza. Kisha, kama aliyekumbuka jambo, akafungua mdomo. "Twende," alisema. "Nakwenda nawe."

Lango la hospitali lilikuwa na mlinzi na kamba iliyovutwa barabarani. Mlinzi aliinama, akaangalia pale kwenye kioo palipokuwa na stika na sasa paling'aa peke yake.

"Gari la abiria bila kibali haliingii. Tumeambiwa leo mchana."

"Hili si la abiria," alisema Mama Usukani. "Nimemfuata baba yangu. Ametoka kusafishwa damu, yule pale kwenye benchi."

Mlinzi akageuka. Mzee Posta alikuwa amejikunyata katika koti lake, uso wa kijivu, mkono mmoja umefungwa bandeji. Aliliona gari, akaona kamba, akaona mlinzi anamtazama. Mtu aliyewahi kukabidhi telegramu za vifo anajua kusoma uso kwa mbali.

"Binti yangu!" aliita kwa sauti kubwa kuliko nguvu zake. "Umenichelewesha, na mama yako ananingoja nyumbani!"

"Na wewe?" mlinzi akamuuliza Fundi Pole.

"Shemeji yake. Hili ni gari la kaka yangu, na sasa ni lake yeye. Ni la kwake na watoto wake." Alilisema polepole na kwa sauti, kama mbele ya kikao.

Mlinzi alimtazama huyu, akamtazama yule. Alimfahamu Mzee Posta. Alimfungulia lango hilo mara tatu kila wiki, na alifahamu vilevile nani humleta. Akashusha kamba kwa mguu.

"Familia nzima," alisema. "Haya. Ingieni."

Walimpandisha mzee kiti cha mbele, Fundi akamfunga mkanda. Injini iliwaka kwa mguso mmoja, ikatulia. Mama Usukani hakuondoa gari mara moja. Alikuwa anafikiri. Kesho zamu ilikuwa ya mama mmoja mgonjwa anayeishi karibu na kinu, keshokutwa Mzee Posta tena, na mlinzi wa zamu nyingine pengine asingekuwa kama huyu. Mtu mmoja anaweza kuwa na baba wangapi, na mama wangapi wagonjwa, kabla dunia haijauliza?

"Leo nimekuwa baba," alisema Mzee Posta, macho yamefumbwa, kichwa kimeegemea kiti. "Keshokutwa nitakuwa mjomba. Twende, mwanangu, nina baridi."